Mifuko ya Maziwa ya Baiskeli Ndogo

Mwezi uliopita nilirudisha sindano zangu na ile ngozi ya kiganja, nikatoka karakanani kwa mlango wa mbele, ule ambao sisi wafanyakazi tulikuwa tumekatazwa kuutumia. Hakuna aliyenizuia. Umri wangu si mkubwa, kuna wanawake wa rika langu bado wanazaa, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, na fundi wa turubai asiyekunja vidole ni mlinzi tu wa turubai. Wale wasichana watatu niliowaacha pale wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Wao wamesoma mpaka fomu fo, mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo makosa watayarekebisha wenyewe. Siwaandikii habari za nani alipandishwa cheo. Hizo muwaulize waliopandishwa.

Darasa la tatu niliishia kwa sababu ya Gachoki, ndugu ya baba. Wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau, tulitolewa mashambani tukarundikwa kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro, na Gachoki alikuwa homugadi, mlinzi wa upande wa serikali ya wakoloni, amepewa bunduki. Alimwambia mama ati mtaro hauchimbwi na msichana aliyekaa dawatini. Nikatolewa shule, nikapewa karai la udongo. Kwenye kiti changu akakalishwa mtoto wake. Namtaja kwa jina kwa sababu baadaye aligeuka mzee wa kanisa, watu wakasahau. Katika kijiji kile watu walikufa kwa njaa na kwa kuhara, wadogo zangu wawili wakiwa miongoni mwao. Mimi sikufa. Huko ndiko nilijifunza kushona, magunia yaliyooza ya kufunikia paa, na sindano yangu ya kwanza ilikuwa njiti ya gurudumu la baiskeli, nimeinyoosha na kuinoa kwa jiwe.

Uhuru ulipokuja nilishuka Nyeri mjini nikaingia karakana moja nyuma ya soko. Pale palishonwa mahema, viti vya trekta, matandiko ya farasi ya wazungu waliobaki, na turubai za malori. Siku ya kwanza nilifikiri nitapewa cherehani. Nilipewa uzi. Aliyenipa ni Mama Zuhura, mwanamke mfupi wa mtaa wa Majengo, mjane, ambaye marehemu mumewe aliwashonea wazungu wa Nanyuki matandiko, na yeye akajifunza kwa kukaa kando yake. Aliweka kipande cha nta ya nyuki mbele yangu, akasema:

"Binti, uzi una njaa. Ulishe."

"Niulishe mpaka lini?"

"Mpaka ukiuvuta uimbe."

Nikauvuta uzi juu ya ile nta mpaka saa sita. Haukuimba. Mchana akaushika, akauvuta mara moja, ukalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Akanirudishia. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Niwaeleze vyombo, kwa maana najua mlivyovitupa kwenye sanduku la chini. Ile ngozi inayovaliwa kiganjani yenye sahani ya chuma katikati ni ya kusukumia sindano nene. Msisukume kwa kidole gumba kama mlivyokuwa mnafanya nikiwaangalia. Msumari wa kutobolea, Mama Zuhura aliuita maharazi, sisi wa mashambani Tetu tukaendelea kuuita msumari na yeye akaendelea kutusikitikia. Nta ni ya kuzuia maji yasipite kwenye tundu la sindano, na pia ya kuuzuia uzi usioze. Turubai ikivuja, mara nyingi haivujii kitambaani. Inavujia pale mlipotoboa.

Sasa nta ya nyuki ina tabia moja. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kukaa mjini wiki nzima bila kuaga, nta inakuwa ngumu kama jiwe la kunolea. Uzi unaruka juu yake, haishiki. Mama Zuhura aliiweka kwapani kwanza, ndani ya sweta, akafanya kazi nyingine mpaka ilegee. Mtu mmoja aliona huko ni kupoteza wakati. Huyo ni Ndirangu, msimamizi wetu. Alikuja na mkebe, akayeyusha nta kwa moto, akamimina mafuta ya taa ndani yake akakoroga. Ikapoa, na ikabaki laini hata asubuhi yenye baridi kali. Uzi ukapita kama kwenye siagi. Kazi ya siku mbili tukaimaliza kwa siku moja, na Ndirangu akatembea kifua mbele kama aliyegundua moto wenyewe.

Mama Zuhura alinusa ule mkebe, akausukuma mbali. "Kwa lori sawa," akasema. "Lori halina pua."

Mwaka huohuo macho yake nayo yakaanza kuingia ukungu, akarudi Majengo kukaa na binti yake. Mimi nikabaki na mkebe wa Ndirangu. Na sikusema kitu. Andikeni hilo pia, kwamba sikusema kitu, kwa sababu vidole vyangu navyo vilifurahia.

Basi mwaka mmoja, katikati ya baridi hiyo ya mwezi wa saba, aliingia mama mmoja kutoka Giakanja anasukuma baiskeli ndogo, ndogo kweli, inamfika kiunoni. Nyuma yake msichana wa miaka kama kumi, sweta ya shule imetatuka kiwikoni. Mama huyo nitamwita Mama Wamuyu, maana binti ndiye Wamuyu. Mume wake alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja pande za Naro Moru. Mzungu alipouza shamba akaondoka, vitu vya watoto wake viligawiwa wafanyakazi. Mwingine akapata kitanda, mwingine sanduku la vitabu, mpishi akapata baiskeli. Ilikuwa ya rangi ya samawati, gurudumu moja limepinda kidogo, haina keria ya kubebea mzigo nyuma.

"Nataka mifuko," akasema Mama Wamuyu. "Ya kubeba chupa nne za maziwa. Mbili huku, mbili huku."

"Akina nani wanabeba?"

"Huyu."

Nikamwangalia Wamuyu. Wamuyu akaiangalia sindano yangu.

Nikauliza kwa nini asibebe kwa mgongo kama watoto wengine, na hapo nikasikia habari yenyewe. Kituo cha kupokea maziwa kilikuwa juu ya mgongo mmoja wa mlima, shule ikawa juu ya mgongo wa pili, katikati ni bonde na mto. Ng'ombe anakamuliwa asubuhi, mtoto anapeleka maziwa, anapanga laini nyuma ya wengine, halafu ndipo anashuka bonde na kupanda. Kwa miguu, analikuta geti limefungwa. Mwalimu alikuwa ameshamwambia mara ya mwisho: akichelewa tena mwezi huo, kiti chake kitapewa mwingine, maana kuna watoto wamejaa nje wanangoja kiti.

"Na wewe mwenyewe huwezi kupeleka?"

"Niko na mtoto wa wiki tatu kwa nyumba, na mwingine anatambaa anataka kuingia motoni. Unataka nikuachie wewe?"

Nikachukua kamba ya kupimia.

Kazi hiyo niliipenda, siwadanganyi. Nilikuwa nimeshona turubai za malori mpaka nikawa naota pembe nne. Baiskeli ya mtoto ni kitu kingine, kila kitu kiko karibu na kila kitu. Ukiweka mfuko nyuma sana, baiskeli inainua pua kwenye kilima. Ukiuweka mbele, kisigino kinaugonga. Nilimwambia Wamuyu apande, mama yake ashike usukani, akanyage pedeli kinyumenyume huku mimi nimepiga magoti na chaki, nikiweka alama pale kisigino kilipopita. Alikuwa na kisigino kirefu kwa umri wake.

"Kwa nini uzi wako ni wa manjano?" akauliza akiwa juu.

"Ni nta."

"Nta inatoka wapi?"

"Kwa nyuki."

"Nyuki wanajua unashonea maziwa?"

"Kanyaga."

Kwa vile hakukuwa na keria, mifuko niliiunganisha kwa ukanda mpana unaopita nyuma ya kiti, juu ya gurudumu, nikaufunga kwenye vyuma viwili vinavyoshuka kwa ekseli ya gurudumu la nyuma. Kila mfuko nikautia ukuta katikati ili chupa zisigongane. Chini nikakunja turubai mara mbili, katikati ya mikunjo nikaweka kipande cha blanketi kuukuu. Juu nikashona kifuniko cha kulala juu ya vizibo, mvua isiingie. Vizibo vyenyewe vilikuwa magunzi ya mahindi, kama kwenye nyumba zote. Nilishona kwa mkono, pande zote, kwa nta ya mkebe. Wamuyu alipojaribu kuzunguka nayo uwanjani nyuma ya soko, chupa zimejaa maji, hakuna hata moja iliyolia. Wauza viazi wakapiga makofi. Nikajisikia mtu.

Walirudi siku ya sita. Mama Wamuyu hakunisalimia. Aliitupa ile mifuko juu ya meza yangu ya kukatia.

"Siku mbili za kwanza maziwa ilichukuliwa. Siku ya tatu Muriithi amemwaga. Ya nne akachukua chupa moja, tatu akamwaga. Jana zote nne. Zote! Kwa nyasi, watu wakiangalia."

Muriithi ni karani wa kituo. Kazi yake ilikuwa kunusa kila chupa, kutia kipimo chake cha kioo, na kuandika namba ya mwenye maziwa. Alichosema kwa mtoto wa watu mbele ya laini nzima, nilikuja kukisikia kwa Wamuyu mwenyewe: "Maziwa hii imelala na taa kitanda kimoja. Mwambie mama yako achague, kama ni mkulima ama muuza mafuta."

"Amesema mara moja tena anafuta namba yetu," akasema Mama Wamuyu. "Kesho anarudi kubeba kwa mgongo. Kwa mgongo hatukuwahi kukataliwa hata siku moja."

"Na shule?"

"Shule ni ya mtu mwenye namba."

Wamuyu alikuwa amesimama mlangoni. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na mistari ya fimbo. Hakuuliza swali siku hiyo.

Nilikasirika, lazima niseme ukweli. Kazi yangu ilikuwa imara, nani anasema inanuka? Nikaunusa mfuko ndani na nje. Ulinuka turubai. Nikamwita Ndirangu, akanusa.

"Inanuka turubai," akasema. "Wewe ni fundi wa turubai ama wa maziwa? Mwambie mama huyo aweke taa yake mbali na ng'ombe."

Lakini siku mbili za kwanza zilinisumbua. Kama ni taa ya nyumbani, mbona siku mbili za kwanza maziwa yalikuwa safi? Kama ni mfuko, mbona siku mbili za kwanza maziwa yalikuwa safi? Swali lilikuwa moja na majibu yote mawili hayakuingia. Nikamwomba Mama Wamuyu aniachie mifuko na siku mbili, maziwa ya siku hizo yabaki nyumbani.

Nilifanya hivi. Nilinunua maziwa, nikajaza chupa nne, nikachonga magunzi mapya, nikazifungia mfukoni kwa muda wa safari ya kwenda kituoni, halafu kidogo zaidi. Kisha nikazibeba mpaka kwa Wangechi, aliyekuwa akiuza uji mlangoni mwa soko. Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa anajua uji wa jana kwa kuupita tu njiani.

"Funga macho," nikamwambia. "Nusa chupa hii."

"Umeniletea uganga asubuhi asubuhi?"

"Nusa."

Akanusa ya kwanza. "Maziwa." Ya pili. "Maziwa." Ya tatu, ya nne. "Maziwa, Nyawira. Ng'ombe alikula majani ya viazi vitamu, lakini ni maziwa."

Nikashusha pumzi. Halafu nikasogeza mfuko mtupu puani mwake, na Wangechi akarudi nyuma mpaka akagonga sufuria.

"Ngai! Hiyo si mfuko. Hiyo ni taa imekosa utambi."

"Huu?"

"Kwani wewe husikii?"

Sikusikia. Nilisimama pale na mfuko usoni, navuta hewa kama mtu anayezama, na sikusikia kitu isipokuwa turubai. Ndipo nikajua kwamba kile nilichokuwa naita harufu ya turubai kwa miaka hiyo yote kilikuwa mkebe wa Ndirangu. Sisi wote pale ndani pua zetu zilikuwa zimekufa, na kwa sababu zilikufa pamoja hakuna aliyemwambia mwenzake. Nyumbani mtoto wangu alikuwa akikataa nimkumbatie nikitoka kazini, nami nilifikiri ana kiburi.

Lakini bado fumbo halikuisha. Mfuko unanuka, sawa. Maziwa ndani yake hayanuki. Wangechi hakuwa na sababu ya kunidanganya. Muriithi naye, nilivyoulizauliza, alikuwa mkali lakini si mwongo. Kitu kilikuwa kinatendeka Giakanja ambacho hakikutendeka kwenye meza yangu. Basi Jumamosi tulipofunga saa saba nikapanda kwenda kuangalia.

Nilimwambia Mama Wamuyu asinieleze kitu, afanye tu kama kila siku, nami nikaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Taa ya nyumba ilikuwa imening'inizwa chumba cha kulala, mbali na kila kitu. Ng'ombe akakamuliwa maziwa ya jioni, ya watoto. Ndoo safi. Halafu Wamuyu akaleta zile chupa nne, akazisugua kwa mchanga na maji ya moto, akazipanga juu ya uchaga zikauke. Akayaosha magunzi manne, moja moja, akayakung'uta. Kisha akachukua mifuko niliyokuja nayo, akafungua kifuniko, akayatumbukiza magunzi ndani, mawili huku na mawili huku, akafunga kishikizo.

"Kwa nini unayaweka humo?" nikauliza.

"Yasipotee. Zamani yalikuwa yanalala mezani, kuku anachukua. Sasa yako na nyumba yao."

Aliniangalia, akingoja nimsifu. Mtoto safi, mwenye utaratibu. Magunzi yalilala usiku kucha ndani ya mfuko wangu, yana maji, yana matundu elfu, yananyonya harufu. Usiku wa kwanza kidogo, wa pili kidogo. Siku ya tatu yakawa yamelewa, na asubuhi yanaingizwa kwenye shingo ya chupa, yananing'inia juu ya maziwa ya vuguvugu bonde zima.

Nilitoa gunzi moja nikampa Mama Wamuyu. Akalinusa. Uso wake ukabadilika polepole, kisha akanigeukia.

"Kumbe ni wewe."

"Ni sisi."

"Sisi ni nani? Taja majina."

"Ndirangu ndiye alitia mafuta ya taa kwenye nta. Mimi ndiye nilishona, na nilijua iko mafuta ya taa. Huyu mtoto hakukosa kitu."

"Nimempiga," akasema.

"Nimeona."

"Mara mbili." Alilishika lile gunzi kama anataka kunirushia, na nadhani alitaka. "Nilimwambia ananyemelea duka la mafuta njiani, anacheza na vijana. Alilia akasema hapana. Nikampigia kusema hapana."

Wamuyu alikuwa anasikiliza, kitambaa mkononi. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kuuliza: "Kwa hivyo nyuki hawakujua."

Mama yake alimvuta, akamshika kichwa, akakisukuma begani kwake kwa nguvu, halafu akanitazama juu ya nywele zake. "Jumatatu ndiyo ya mwisho kwa Muriithi. Utafanya nini?"

Kufumua kusingesaidia, maana turubai yenyewe ilikuwa imeshanyonya. Ilibidi kuanza upya, na si karakanani, ambako hata meza ilikuwa inanuka. Jumapili niliacha kanisa, Mungu atanisamehe ama atamuuliza Ndirangu, nikaenda Majengo na kipande kipya cha turubai nilichokitoa kwenye robota lisilofunguliwa. Mama Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Haoni vizuri, lakini nilipokaribia akageuza uso.

"Nani huyo ananuka karakana?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha.

"Nilikuambia lori halina pua," akasema mwisho. "Sikukuambia maziwa yana pua? Haya, kosa langu. Kaoge kwanza. Mikono mpaka kwenye kiwiko, kwa majivu. Na nguo hiyo iache nje, Zuhura atakupa leso."

Nikaoga. Akatoa nta yake mwenyewe kutoka kwenye kikopo, manjano ya kiini cha yai, akaivunja vipande viwili, kimoja akanipa mimi, kingine akakitia kwapani pake. Tukakaa pale wanawake wawili tumebana mikono mbavuni kama kuku waliolowa, tukingoja nta ilegee, na binti yake akatuuliza kama tumepigwa na baridi.

Mimi nilikata na kutoboa, yeye akaupa uzi nta na kuuvuta. Macho hakuhitaji. Kila uzi ulipoimba alinipa. Kabla ya adhana ya magharibi mifuko ilikuwa tayari. Aliinusa kila kona, polepole, kama mtu anayesoma barua. "Peleka," akasema. "Na magunzi mapya. Na umwambie mtoto ayaache kwa kuku."

Jumatatu sikuenda kazini. Nilikwenda Giakanja, nikatembea kando ya ile baiskeli ndogo, Wamuyu juu, chupa nne kimya. Kituo kilikuwa kibanda cha mabati juu ya mgongo wa mlima, na laini ilikuwa ndefu. Ukungu ulikuwa umeinuka, na ng'ambo ya bonde shule ilionekana wazi, geti lake jeusi, watoto wadogo kama njugu wakiingia.

Watu walimtambua.

"Mama Mafuta-ya-Taa amekuja," akasema mzee mmoja, na wengine wakacheka. "Leo umeleta ya kupikia ama ya kuwashia?"

Wamuyu alitazama mbele. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Zamu yetu ilipofika Muriithi, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofupika mikono, hakugusa chupa. "Wewe nilikuambia nini?"

"Karani," nikasema, "kabla hujanusa, nisikilize. Mimi ndiye fundi. Mfuko wa kwanza nilishona kwa nta iliyotiwa mafuta ya taa. Magunzi yakalala ndani. Nyumba yao haina kosa, mtoto hana kosa. Mfuko wa kwanza ni huu." Nikautoa kwenye gunia nikamwekea mezani. Nilisema kwa sauti, laini yote isikie, kwa kuwa yeye alimwaga laini yote ikiangalia.

Aliunusa, akakohoa. Akausukuma kwa kalamu mpaka ukaanguka chini. "Na ulikuwa fundi wapi?"

Nikataja karakana. Nikamtaja Ndirangu. Nikajitaja.

"Wa kusema jina lake mwenyewe ni wachache hapa," akasema Muriithi, si kwa kunisifu, kama mtu anayeandika hesabu ya ng'ombe. Akavuta gunzi la kwanza. Akalinusa. Akanusa chupa. Akainusa tena, akafunga jicho moja. Mzee wa mafuta ya taa alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu. Akatia kipimo, kikaelea. Akamimina kwenye pipa.

Ya pili. Akamimina. Ya tatu alikaa nayo muda mrefu mpaka Wamuyu akaanza kuhama mguu huu na huu, na mimi nikaona kwamba mtoto hatazami chupa, anatazama ng'ambo, ambako watoto kwenye njia ya geti walikuwa wamebaki wachache.

"Huyu ng'ombe anakula nini?" Muriithi akauliza.

"Majani ya ndizi," akasema Wamuyu haraka, "na nyasi za nepia, na kengele iko karibu kulia, karani."

Akamimina. Ya nne hakuinusa hata. Aliimimina, akaandika namba, akazirudisha chupa tupu mfukoni kwa mikono yake mwenyewe, akapiga kiti cha baiskeli kama mtu anavyompiga punda. "Nenda!"

Wamuyu hakuniaga. Aliteremka bondeni amesimama juu ya pedeli, magunzi ameyatia mfukoni mwa sweta. Sote tulisogea ukingoni, laini ikavunjika, hata wenye ndoo kichwani. Akapotea kwenye migomba karibu na mto. Kengele ikalia. Halafu akatokea upande wa pili, ameshuka, anaisukuma baiskeli kwenye kilima, anakimbia, mifuko mitupu inapigapiga. Mwalimu alikuwa ameshashika geti.

"Ngoja, wewe!" mzee akapiga kelele, kana kwamba mwalimu angesikia kutoka huku. "Ngoja mtoto!"

Geti lilikuwa limebaki upenyo wa mtu mmoja. Baiskeli ikaingia kwanza, ya samawati, halafu yeye.

"Ameingia," akasema Muriithi. Alikuwa amekuja ukingoni na kipimo chake mkononi, kinadondosha maziwa kwenye kiatu. Akanigeukia. "Na wewe, fundi, toka kwa laini ya watu. Huna maziwa."